Nani hasa ameitengeneza ile anime? Dhana potofu kuhusu waongozaji wa Japani

Ukimpenda mwongozaji wa anime (katuni za Kijapani), kwanza ujue alichokifanya yeye na kilichofanywa na wengine. Hapo ndipo mashabiki wengi hujikwaa. Si kwamba hawana mapenzi. Majina ya watengenezaji hupita haraka kwenye skrini, tena kwa maandishi ya Kijapani, na mitandaoni watu hunakiliana makosa yale yale.

Dhana: Aliyeandika manga (hadithi ya vibonzo ya Kijapani) ndiye aliyeongoza anime.

Masashi Kishimoto aliandika na kuchora manga ya Naruto, lakini anime yake iliongozwa na Hayato Date katika studio ya Pierrot. Attack on Titan ni hadithi ya Hajime Isayama. Msimu wa kwanza, wa 2013, uliongozwa na Tetsuro Araki katika Wit Studio, na ule wa mwisho, ulioanza Desemba 2020, ukahamia studio ya MAPPA na kupata waongozaji wengine. Ndiyo maana rangi, mwendo wa kamera na hata sura za wahusika zilibadilika ilhali mwenye hadithi ni yule yule.

Mwandishi wa manga hutoa hadithi, wahusika na mpangilio wa kurasa. Tukio lichukue sekunde ngapi, kamera ikae wapi, muziki uingie lini na ukimya udumu kiasi gani, hayo huamuliwa na mwongozaji. Kurasa mbili za mapigano zaweza kuwa dakika nzima ya kusisimua au dakika nzima ya kuchosha, kutegemea nani kazishika.

Ili kuwatofautisha, jifunze alama chache tu. Kwenye wimbo wa mwanzo, 原作 (gensaku) ni mwenye hadithi, na 監督 (kantoku) ni mwongozaji mkuu, ambaye jina lake huja karibu na mwisho. Kipindi kinapoisha, tafuta 絵コンテ (ekonte), aliyechora mpangilio wa picha wa sehemu hiyo. 演出 (enshutsu), aliyeiongoza sehemu hiyo. 作画監督 (sakuga kantoku), msimamizi wa michoro. Na 原画 (genga), wachoraji wa michoro mikuu. Majina hayo ya mwishoni hubadilika kila wiki. Sehemu fulani ikikukaa moyoni kuliko nyingine, simamisha video, andika jina la ekonte na la enshutsu, kisha tafuta kazi zao nyingine. Hakuna njia nzuri zaidi ya kugundua vipaji ambavyo bado havijapewa filamu yao wenyewe.

Dhana: Filamu zote za studio ya Ghibli ni za Hayao Miyazaki.

Hili linaumiza, kwa sababu linamfuta mwongozaji mwenzake, Isao Takahata. Grave of the Fireflies ni yake. Ilitoka Aprili 1988 siku moja na My Neighbor Totoro ya Miyazaki, zikaoneshwa kwa pamoja. Takahata hakuwa mchoraji. Alisomea fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo na akaongoza kwa kueleza anachotaka, akiwaachia wachoraji watafute mkono wa kukitimiza. Ndiyo maana filamu zake hazifanani kwa sura. Only Yesterday (1991) ina mikunjo ya mashavu watu wanapocheka, kwa kuwa sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza, nyuso zikachorwa kuzifuata. My Neighbors the Yamadas (1999) inafanana na vibonzo vya gazeti.

Kisha itazame The Tale of the Princess Kaguya ya 2013, pale binti anapoitoroka karamu mbio. Mistari inageuka mikwaruzo ya mkaa, mavazi yanamvuka moja baada ya jingine, na uso wake unakaribia kupotea ndani ya mikwaruzo hiyo. Takahata ndiye aliyelitaka tukio liwe hivyo, ila mkono uliolichora ni wa Shinji Hashimoto. Sifa ziwafikie wote wawili.

Whisper of the Heart (1995) nayo iliongozwa na Yoshifumi Kondo, Miyazaki akiandika muswada na kuchora ekonte. Kondo alifariki Januari 1998 akiwa na miaka 47, na hiyo ndiyo filamu pekee aliyoiongoza. Na Nausicaä ya 1984? Ni ya Miyazaki kweli, lakini ilitengenezwa na studio ya Topcraft, mwaka mmoja kabla Ghibli haijaanzishwa.

Dhana: Miyazaki hataki kabisa kompyuta.

Yeye mwenyewe hutumia penseli. Studio yake je? Katika Princess Mononoke (1997), ile minyoo inayomfunika nguruwe aliyelaaniwa ilisaidiwa na kompyuta, na baadhi ya shoti (vipande vya picha visivyokatwa) zilipakwa rangi kidijitali. Spirited Away (2001) ilipakwa rangi kidijitali yote.

Dhana: Michoro ikiharibika, ujue bajeti imeisha.

Mara nyingi kilichoisha ni muda. Sekunde moja ina fremu 24, na mchoro mmoja kwa kawaida hukaa fremu mbili au tatu, hivyo sekunde ya mwendo inataka michoro 12 au 8. Sehemu moja ya televisheni ina shoti zipatazo 300. Kila shoti hutoka kwenye ekonte, ikapangwa mahali pa wahusika na mandhari, ikachorwa michoro mikuu, ikasahihishwa na sakuga kantoku, ikajazwa michoro ya kati, ikapakwa rangi, kisha ikaunganishwa na mandhari. Ekonte ikichelewa wiki mbili, tarehe ya kurushwa haisogei. Kinachobanwa ni masahihisho. Ukiona mhusika ana sura tatu ndani ya kipindi kimoja, unaona mikono ya wachoraji watatu ambao msimamizi hakupata nafasi ya kuisawazisha.

Sehemu mbili za mwisho za mfululizo wa Neon Genesis Evangelion, zilizorushwa Machi 1996, zimejaa picha mgando na michoro ya penseli. Tatizo kubwa lilikuwa ratiba. Lakini msiuone kila utulivu wa mwongozaji wake, Hideaki Anno, kuwa ni upungufu. Katika sehemu ya 22, wahusika Rei na Asuka wamesimama ndani ya lifti karibu dakika nzima bila neno wala kutikisika. Utulivu huo unaonesha umbali uliopo kati yao kuliko ambavyo ugomvi wowote ungeweza.

Dhana: Makoto Shinkai ni Miyazaki mpya, na hufanya kila kitu peke yake.

Voices of a Distant Star ya 2002, yenye dakika 25, kweli aliitengeneza karibu peke yake kwenye kompyuta nyumbani, baada ya kufanya kazi kampuni ya michezo ya video. Your Name (2016) ni habari nyingine: wahusika walibuniwa na Masayoshi Tanaka pamoja na Masashi Ando, na Ando huyo huyo akasimamia michoro, kama alivyofanya katika Spirited Away. Miyazaki alianzia meza ya uchoraji studio ya Toei mwaka 1963, ilhali Shinkai hakupita njia hiyo. Mkono wake mtafute kwenye mwanga, anga na mapigo ya uhariri: ekonte zake huziunganisha kuwa video na kuziwekea sauti yake mwenyewe kwa wahusika wote, ili urefu wa kila shoti ujulikane kabla wachoraji hawajaanza.