Vifo vya kiharusi: Japani ilivipunguzaje?

Kiharusi ni nini hasa?
Ni sehemu ya ubongo kukosa damu, kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Wengi wetu tunakiita kupooza, lakini kupooza ni matokeo tu. Ugonjwa wenyewe uko kichwani.

Je, nchi nzima inaweza kupunguza vifo vyake?
Inaweza, na Japani ni ushahidi. Kuanzia 1951 hadi 1980 kiharusi kiliua Wajapani wengi kuliko maradhi mengine yote. Mkoa wa Akita, kaskazini, uliumia zaidi. Kule theluji hukaa miezi kadhaa, kwa hiyo samaki na mboga za kipupwe zilihifadhiwa kwa chumvi, na supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, nayo ina chumvi nyingi. Katika miaka ya 1950 mtu mzima alikula zaidi ya gramu 20 za chumvi kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai.

Katikati ya miaka ya 1960 vifo vilianza kushuka. Kufikia 1990 kiwango chake, ukizingatia umri wa watu, kilikuwa kimepungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Walitumia dawa gani ya ajabu?
Hakuna. Walishusha presha, yaani shinikizo la juu la damu, ambalo huchochewa na chumvi nyingi na ndilo huleta kiharusi kwa wengi. Pale Ikawa, mkoani Akita, tangu 1963 watu walipimwa mwaka hadi mwaka, na waliokutwa na presha wakafuatiliwa. Bima ya afya kwa wote ilikuwa imekamilika 1961, hivyo aliyeambiwa atumie dawa aliweza kuipata. Friji nazo ziliingia majumbani, na haja ya kukoleza chumvi ili chakula kisioze ikapungua. Kwangu mimi friji ni sehemu ya hadithi hii sawa na zahanati.

Mbona nchi nyingine idadi ya wagonjwa inaongezeka?
Watu wanaongezeka na wanaishi miaka mingi zaidi. Kiwango kinaweza kushuka huku idadi ikipanda. Ukisoma takwimu, uliza kwanza umezingatiwa umri au la.

Na huku kwetu?
Kati ya 2003 na 2006 watafiti walihesabu visa vipya Tanzania. Wilayani Hai, vijijini mkoani Kilimanjaro, walipata takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316, baada ya kusawazisha umri. Mjini ni karibu mara tatu! Na presha haiumi. Ndiyo maana mtu humeza vidonge wiki mbili, akajisikia vizuri, akaacha. Wengine hugawana dozi na jirani. Jambo hili linanisikitisha sana, maana vidonge hivyo ni vya kila siku, kichwa kikiuma au kisiume.

Dalili zikitokea tufanye nini?
Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea ghafla au ulimi ukiwa mzito, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata dalili zikitoweka. Msianzie kwa mganga eti karogwa. Msimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Kumbukeni pia saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupiga picha ya kichwa.