Chunusi za ukubwani: kutibu ngozi bila kuiumiza

Watu wengi hudhani kuwa chunusi huisha pamoja na balehe. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 32 anapoota vipele vyenye maumivu kidevuni na kwenye taya, au mwanamume wa rika lake anapoona mgongo umejaa vipele vya usaha, jambo la kwanza linalomjia akilini ni uchafu, damu chafu, au jicho la mtu mwenye husuda. Wataalamu wa ngozi huita chunusi za ukubwani zile zinazoanza au kuendelea baada ya umri wa miaka 25. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, nazo hazisababishwi na upungufu wa usafi. Kwa kweli, wagonjwa wengi tunaowaona kliniki huosha uso mara nyingi kupita kiasi.

Kila kinyweleo cha usoni kimeshikamana na tezi ndogo inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Tezi hizo husukumwa na homoni za kiume ziitwazo androjeni, ambazo wanawake nao wanazo. Mafuta yanapozidi, na seli za ngozi zilizokufa zikagandana badala ya kubanduka, tundu la kinyweleo huziba. Ndani yake huongezeka bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye kwa kawaida huishi kwenye ngozi ya kila mtu, na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Kijidoa cheusi kisichouma, kipele chenye kichwa cheupe na uvimbe mgumu wa ndani unaouma ukiguswa ni hatua mbalimbali za jambo hilohilo. Ule weusi unaoonekana juu ya tundu lililoziba nao si taka, bali ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyokutana na hewa, ndiyo maana hauondoki hata ukisuguliwa kwa dodoki.

Kwa wanawake, dalili ya mchango wa homoni ni chunusi zinazochachamaa siku chache kabla ya hedhi na kukaa zaidi sehemu ya chini ya uso. Zikiambatana na hedhi inayoruka miezi, nywele zinazoota kidevuni au kifuani, au ugumu wa kupata ujauzito, ni vyema kupimwa tatizo la ovari zenye vifuko vingi, kwa sababu krimu peke yake haitatosha. Baadhi ya wanawake huanza kupata chunusi baada ya kuwekewa kijiti au kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, ilhali vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi huzipunguza. Hilo ni suala la kuzungumza na mtoa huduma, si sababu ya kwenda kukitoa kijiti kesho yake bila njia nyingine mkononi. Dawa za steroidi (za kutuliza uvimbe na mwasho), dawa za kujenga misuli zinazouzwa kwa siri kwenye baadhi ya kumbi za mazoezi, na isoniazidi inayotumika kutibu na kuzuia kifua kikuu, nazo huweza kuleta vipele vinavyofanana na chunusi. Anayetumia dawa za kifua kikuu asiziache kwa ajili ya uso, amweleze daktari.

Kuna kisababishi kingine ambacho hakitajwi sana, nacho ni mafuta ya nywele. Ukiona vipele vidogo vidogo vimejipanga kwenye paji la uso, kando ya mstari wa nywele, huku mashavu yakiwa safi, angalia kwanza unachopaka kichwani. Mafuta mazito ya kulainisha nywele, yakiwemo ya nazi, hushuka usoni kwa joto na jasho na kuziba vinyweleo. Kuyapaka kwenye nywele na ngozi ya kichwa pekee bila kufika pajini, na kufunga nywele kwa kitambaa safi wakati wa kulala, kwa baadhi ya watu ndiyo tiba nzima.

Kwenye ngozi nyeusi, hata hivyo, chunusi yenyewe mara nyingi siyo inayomleta mtu kliniki. Kinachomleta ni doa. Kila kipele kinapopona huacha alama nyeusi inayoweza kudumu miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na kila kilichotumbuliwa kwa kucha huacha alama nyeusi zaidi. Wenye asili ya kuota makovu yanayovimba hupata hata zaidi ya doa, hasa kwenye taya, kifua na mabega. Mgonjwa asiyeambiwa kwamba doa hilo litafifia lenyewe, mradi vipele vipya vizuiwe, huanza kulikimbiza kwa kila kinachouzwa, na hapo ndipo hukutana na mkorogo wa kung'arisha ngozi.

Mkorogo huo kwa kawaida ni kopo lisilo na lebo, au lenye lebo ya losheni nyingine kabisa, ambamo muuzaji amechanganya krimu mbili au tatu. Mara nyingi moja kati ya hizo ina klobetasoli au betamethasoni, yaani steroidi kali. Wiki za mwanzo matokeo hufurahisha: uvimbe unatulia, uso unang'aa, marafiki wanauliza siri. Baada ya muda ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu inaonekana mashavuni, na vipele vinarudi vikiwa vingi na vya ukubwa unaolingana, tofauti na chunusi za kawaida ambazo kila moja huwa na umri wake. Mtumiaji akiacha ghafla, uso huwaka na kuvimba, naye huamini kwamba nafuu yake iko ndani ya lile kopo. Mikono humsema kabla hajazungumza: uso na mikono vimefifia, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi.

Mkorogo huweza pia kuwa na haidrokwinoni au zebaki, viambato vya kung'arisha ngozi. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kuleta weusi wa kudumu ambao hakuna krimu inayouondoa kwa urahisi, na zebaki hupenya ngozi hadi kwenye figo na humdhuru mtoto aliye tumboni. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi, na usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Marufuku hiyo haizuii kopo kuuzwa mlangoni mwa saluni. Aliyekwisha kutumia mkorogo kwa miezi asiache kwa siku moja kwa kujikaza. Afike kwa daktari wa ngozi ili apunguziwe hatua kwa hatua.

Sasa tuje kwenye matunzo yenyewe, ambayo ni machache kuliko matangazo yanavyodai. Osha uso mara mbili kwa siku, na baada ya kutoka jasho jingi, kwa sabuni laini isiyo na manukato makali. Sabuni ya mche ni ya nguo. Sabuni nyingi za kipande zina ualikali wa pH (kipimo cha asidi na alikali) 9 hadi 10, wakati uso wa ngozi una asidi kidogo, karibu na pH 5. Ngozi inayokaushwa hivyo kila siku huwashwa na kushindwa kuvumilia dawa utakayopewa. Tumia viganja, si dodoki wala kitambaa kigumu. Singo na misuguo mingine ya urembo wa Pwani ina heshima yake, lakini isipite juu ya uso wenye vipele vyenye usaha. Ndimu, dawa ya meno na magadi visiguse uso kabisa: vinachoma, na kila kinachochoma ngozi nyeusi huiachia doa.

Dawa ya kuanzia kwa chunusi nyepesi ni benzoili peroksaidi, ambayo huua bakteria bila kuwafanya sugu. Inapatikana kwa nguvu za asilimia 2.5, 5 na 10, na hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba kubwa ndiyo bora: ile ya 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya 10, huku ikiwasha ngozi kidogo kuliko hiyo. Tahadhari ndogo ambayo mfamasia aghalabu husahau kuitaja ni kwamba dawa hii hupausha nguo. Tumia taulo na foronya nyeupe. Ya pili ni adapaleni ya asilimia 0.1, inayozuia vinyweleo kuziba na kusaidia madoa kufifia. Hupakwa usiku kwenye uso mkavu, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si kwenye kipele kimoja kimoja. Anza usiku mmoja na kuruka mmoja au miwili kwa wiki mbili tatu, na paka losheni nyepesi juu yake ikiwa ngozi inakauka. Wiki za mwanzo uso unaweza kubanduka na chunusi hata kuonekana kuzidi. Wengi huacha hapo, ilhali matokeo huonekana baada ya wiki 8 hadi 12.

Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, asitumie adapaleni. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 inamfaa, nayo hutibu chunusi na madoa kwa pamoja. Mchana, losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi ina kazi kwenye ngozi nyeusi pia, kwa kuwa mwanga wa jua hukoleza madoa. Asiyeimudu atumie pama au mwavuli, ambavyo havina deni.

Kuhusu chakula, ushahidi upo lakini si mkubwa kama inavyosemwa. Vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kama soda, chai yenye sukari nyingi, mandazi na mkate mweupe, huongeza homoni zinazochochea tezi za mafuta, na majaribio machache ya kuvipunguza yamepunguza chunusi. Maziwa nayo yamehusishwa na chunusi kwa baadhi ya watu. Pilipili na karanga, ambazo kila mtu hukatazwa, hazina ushahidi wa maana dhidi yake. Kulala vya kutosha husaidia kupunguza msongo wa mawazo, ambao huzidisha vipele. Dereva wa bodaboda mwenye vipele kwenye taya aangalie mkanda wa kofia yake, na mwenye kunyoa ndevu atofautishe chunusi na vipele vya wembe, vinavyotokana na nywele zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hivyo hupungua kwa kuacha ndevu zirefuke kidogo.

Mwone daktari mapema ikiwa una uvimbe wa ndani unaouma, makovu yameanza, au miezi mitatu ya matunzo sahihi haijaleta nafuu. Daktari anaweza kuandika doksisaiklini, ambayo haitolewi kwa wajawazito, hutumiwa pamoja na dawa ya kupaka, na kwa kawaida haizidi miezi mitatu au minne. Kwa chunusi kali ipo isotretinoini, dawa yenye nguvu inayosababisha ulemavu kwa mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke hupimwa ujauzito na kutumia uzazi wa mpango wa uhakika hadi mwezi mmoja baada ya dozi ya mwisho. Isinunuliwe kamwe dukani bila cheti cha daktari. Siku ya kwenda kliniki njoo na kila unachopaka usoni na kichwani, pamoja na kopo lisilo na lebo, na usipake poda asubuhi hiyo. Hatuulizi ili kukulaumu. Tunahitaji kujua kama kuna steroidi ndani yake kabla ya kuandika dawa nyingine yoyote.