Feni Zinazobeba Ndege: Msukumo Unadhibitiwaje?

Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani iitwayo Parcelcopter ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Ilipaa wima bila uwanja, kisha ikageuza feni zake kuelekea mbele na kubebwa na mabawa.

Wengi hudhani kazi ngumu hapo ni kupata feni zenye nguvu. Ngumu zaidi ni kuirekebisha nguvu hiyo kwa wakati. Ndege inaponing'inia hewani, uzito wote unabebwa na msukumo wa feni. Upande mmoja ukichelewa kidogo tu, ndege inapinduka. Kwa hiyo kompyuta iliyomo ndani hupima mwinamo mara mamia kwa sekunde na kubadili kasi ya kila feni.

Feni ndogo ya mota ya umeme huitikia papo hapo. Ya injini ya jeti ni nzito, inakawia kushika kasi. Ndiyo maana Harrier, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoweza kupaa wima, ilichota hewa yenye mgandamizo kutoka kwenye injini na kuipuliza puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa ili isiyumbe.

Huku kwetu kuna jambo la ziada. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Msukumo hufuata mraba wa kasi ya feni, hivyo kuubeba mzigo uleule kunadai mzunguko wa haraka zaidi kwa takriban asilimia 10. Betri inaisha mapema, lakini hilo silo linalonitia hofu. Feni iliyokaribia kikomo haina akiba, na upepo wa ziwani ukiipiga ndege ubavuni, hakuna cha kuongeza. Bora kupunguza mzigo, au kuruka asubuhi.

Kushuka nako kuna hatari yake. Ndege ikiteremka wima kwa kasi, feni hurudia kunyonya hewa ziliyokwisha kuivuruga na msukumo unapotea. Kuongeza nguvu huweza kuzidisha tatizo. Dawa yake ni kusogea pembeni hadi kwenye hewa tulivu. Kwa hiyo mkiiona ndege ikihama ghafla inapokaribia kutua, msikimbilie kuipokea: iachieni nafasi pande zote, na msiisogelee mpaka feni zote zisimame.