Je, wajua kwa nini kijiji cha Ulakan huanza kufunga Ramadhani baada ya wenzake?

Wizara ya Dini ya Indonesia ikishatangaza kuandama kwa mwezi, misikiti mingi ya jimbo la Sumatra Magharibi husali tarawehe usiku uleule. Ulakan hawatikisiki. Waumini wengi wa kijiji hiki cha pwani watafunga siku moja baadaye, na miaka mingine siku mbili. Wasiowajua husema ni ukaidi. Ukweli ni kwamba wana hesabu yao, ina kanuni, na mtu yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuifuata.

Ulakan ipo wilaya ya Padang Pariaman, kwenye ukanda wa minazi na mchanga unaotazama Bahari ya Hindi. Ukitua katika uwanja wa ndege wa Minangkabau, ulio upande wa kusini, huko mbali. Wenyeji ni Waminangkabau, watu ambao ukoo na nyumba hurithiwa upande wa mama, na ambao ni Waislamu. Wana msemo kwamba sheria hupanda na mila hushuka, maana mila zilitoka milimani zikateremka pwani, ilhali dini iliingia pwani ikapanda milimani. Mlango mmojawapo wa dini hiyo ulikuwa hapa Ulakan. Katika karne ya 17 Shekhe Burhanuddin alikwenda Aceh, kaskazini mwa Sumatra, kusoma kwa Shekhe Abdurrauf wa Singkil, ambaye naye alikuwa amesoma Madina kwa Ahmad al-Qushashi na Ibrahim al-Kurani. Burhanuddin aliporudi alifungua darasa lake, akaeneza tarika ya Shattari. Kaburi lake liko kijijini hadi leo, na kila Jumatano inayofuata tarehe 10 Safar, siku aliyofariki, umati wa wanaozuru hujaa hapo. Ziara hiyo huitwa Basapa.

Basi wafuasi wa tarika hii huchukua kalenda waliyoirithi kwa masheikh wao, si ile ya serikali. Inafanya kazi hivi.

Miaka hupangwa katika mzunguko wa minane, kila mwaka ukiwa na herufi yake: alifu, ha, jimu, zai, dali, ba, wau, kisha dali tena. Kila herufi ina namba yake: 1, 5, 3, 7, 4, 2, 6, 4. Miezi nayo ina namba. Muharram ni 7, Safar 2, Mfunguo Sita 3, na kuendelea hivyo hadi Ramadhani, ambayo ni 5. Unajumlisha namba ya mwaka na ya mwezi, ukizidi saba unatoa saba, kisha unahesabu siku za wiki kuanzia siku ya msingi, nayo ikihesabiwa ya kwanza.

Tuseme siku ya msingi ni Jumatano. Katika mwaka wa jimu, 3 na 5 ni 8. Toa saba, inabaki 1. Ramadhani inaanza Jumatano. Mwaka unaofuata ni wa zai: 7 na 5 ni 12, toa saba, inabaki 5. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili: inaanza Jumapili. Angalia kwamba Jumapili ni siku ya tano ukianzia Jumatano ya mwaka uliopita, ndiyo maana hesabu hii inaitwa hamsia, kutokana na neno la Kiarabu la tano. Sababu yake si uchawi. Mwaka wa siku 354 ni wiki 50 na siku nne juu. Mwaka mrefu, wa siku 355, husogeza hadi siku ya sita, na katika kila mzunguko miaka mirefu ni mitatu: wa pili, wa tano na wa saba.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba miaka minane inatoa siku 2,835, yaani wiki 405 kamili bila salio. Mzunguko ukiisha, siku zinarudi zilivyokuwa. Mwalimu wa kijijini hahitaji jedwali wala ala yoyote. Herufi nane na namba kumi na mbili za miezi zinakaa kichwani.

Tatizo ni kwamba mwezi wenyewe hauendi hivyo. Kwa mzunguko wa miaka minane, wastani wa mwaka ni siku 354.375. Mwaka halisi wa mwezi ni takriban siku 354.367. Tofauti ni kama dakika 12 kwa mwaka, ambazo hakuna atakayeziona maishani mwake. Lakini kila miaka 120 hivi zinakusanyika na kuwa siku nzima, na kalenda inabaki nyuma ya mwezi kwa siku hiyo. Huko Java, ambako mzunguko wa miaka minane pia hutumika, desturi ilikuwa kupunguza siku moja kila baada ya miaka 120. Pasipopunguzwa, ucheleweshaji unarithiwa pamoja na kalenda.

Hesabu peke yake, hata hivyo, haitoshi kwao. Jioni iliyoonyeshwa na hesabu, watu hukusanyika ufukweni kuutafuta mwezi kwa macho matupu, bila darubini. Pahali ni pazuri sana kwa kazi hiyo. Mombasa au Lamu jua hutoka baharini na kuzama upande wa bara. Ulakan huzama baharini, upeo ukiwa wazi bila mlima wala jengo. Jua hutua kati ya saa 12 na saa 12:40 jioni, kutegemea majira, na kwa kuwa kijiji kiko chini ya digrii moja kutoka ikweta, mwezi hushuka karibu wima. Kila digrii ya kimo chake juu ya upeo ni kama dakika nne kabla ya kuzama.

Hapo ndipo jicho na serikali vinapoachana. Tangu 2022 serikali ya Indonesia, pamoja na Malaysia, Brunei na Singapore, hutaka mwezi uwe na kimo kisichopungua digrii 3 na uwe umbali usiopungua digrii 6.4 kutoka kwenye jua. Mwezi wa digrii 3 unazama dakika kama 12 tu baada ya jua, mbingu ingali na mwanga, na mawingu ya bahari hukaa hapohapo chini upeoni. Tena mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya digrii 7 hivi, ukingo wake ni mwembamba mno kwa jicho la mtu. Kesho yake unakuwa umeachana na jua kwa digrii 12 zaidi, unabaki angani karibu saa nzima, na hata mzee mwenye macho hafifu anaonyeshwa akauona.

Kwa maoni yetu, jambo hili la mwisho ndilo linaloifanya kalenda ya Ulakan idumu. Hesabu iliyochelewa huwapeleka watu ufukweni jioni iliyochelewa, wanaukuta mwezi umeinuka vizuri, na hesabu inaonekana kuwa sahihi. Kutazama kwa macho, ambako kungeweza kuirekebisha, kunaithibitisha.

Wala Ulakan si peke yao kutofautiana na tangazo la serikali. Wafuasi wa tarika ya Naqshabandi wa Pauh, mjini Padang, kwa hesabu yao nyingine, kwa kawaida hutangulia serikali. Muhammadiyah, jumuiya ya Waislamu wa Indonesia yenye nguvu sana Minangkabau, hufuata hesabu ya kifalaki, na kuanzia mwaka 1447 Hijria wametumia kalenda moja ya dunia nzima. Katika jimbo moja, basi, Ramadhani inaweza kuanza kwa siku tatu au nne tofauti. Mabishano haya ni ya zamani: Waminangkabau wamekuwa wakigawana kwa majina ya wanaofunga mwanzo na wanaofunga nyuma, na Shattari ndio hao wa nyuma. Mwezi wa Shawwal hutafutwa kwa utaratibu uleule, kwa hiyo Idd nayo huja nyuma, na Idd ya kuchinja vilevile.