Fedha ya Paa Hainunui Luku

Safari hii aliyeuliza ni mjumbe wa Kamati ya Fedha, mtu anayeiona taarifa ya benki kila mwezi: kwa nini tunawachangisha waamini hela ya umeme ilhali akaunti ya parokia ina mamilioni? Mamilioni yapo, sibishi. Ni michango ya paa la kigango, kanisa dogo lililo chini ya parokia.

Kanuni ya 1267 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kifungu chake cha tatu, inaagiza kwamba matoleo ya waamini kwa ajili ya kusudi maalumu yatumike kwa kusudi hilo tu. Paroko hawezi kulifuta agizo hilo kwa tangazo la baada ya Misa, Halmashauri ya Walei (waamini wasio mapadri wala watawa) haiwezi kulipigia kura, na mimi mtunza hesabu wa parokia siwezi kulizungukia kwa kuhamisha tarakimu kwenye leja. Zaka na sadaka za Jumapili ndizo zinazonunua luku (umeme wa kulipia kabla), divai na hostia na kumlipa mlinzi. Mchango wa Dominika ya Kimisioni, mwezi Oktoba, unapita tu mikononi mwetu kwenda kwenye kazi za umisionari. Sadaka zikipungua zimepungua, hata akaunti ya ujenzi inone namna gani.

Penye utata hasa ni pale ambapo mtoaji hakutaja kusudi, au amelitaja nusunusu. Kuku aliyeletwa altareni wakati wa matoleo tunamnadi nje ya kanisa, na fedha yake inaingia kwenye daftari la parokia bila mjadala. Kuku aliyepelekwa nyumba ya mapadri siku ya kumbukumbu ya upadrisho ni wa padri, naye amle kwa amani. Lakini bahasha iliyoandikwa "Kwa Baba Paroko", ikakabidhiwa mlangoni mwa sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya ibada, je? Kifungu cha kwanza cha kanuni hiyohiyo kinaichukulia kuwa ya parokia mpaka ithibitike vinginevyo, jambo ambalo baadhi ya mapadri hawafurahii kulisikia kutoka kwa mlei. Kwa hiyo namuuliza mtoaji, kisha naandika jibu lake kwenye stakabadhi. Wapo wanaonuna.

Nina shaka moja ambayo mafunzo ya uhasibu hayakunisaidia. Pampu ya kisima ikiungua Juma Kuu na mfuko wa sadaka ni mtupu, je, kukopa kwenye fedha ya ujenzi, kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa na tarehe ya kurejesha, ni kuvunja agizo? Nimeona mkopo wa namna hiyo ukirudi wote na paa lisichelewe hata siku moja. Hata hivyo hakuna mtoaji aliyeulizwa, na hilo bado linanikereketa. Siku hizi nasisitiza kadi ya mchango ichapwe ikiwa na sentensi mbili za ziada: fedha hii inaweza kukopwa kwa dharura kwa masharti gani, na chenji itakayobaki paa likiisha itakwenda wapi.