Mkasi, Gundi na Fotokopi: Jinsi Wapanki Walivyojitengenezea Majalada

Mwaka 1978 bendi ya Scritti Politti ya London ilitoa yenyewe santuri yake ya kwanza, bila kampuni ya santuri. Jalada lilikuwa karatasi ya fotokopi iliyokunjwa kwa mkono, na juu yake bendi iliandika hesabu nzima ya kazi hiyo: studio ya Cambridge, saa 14, pauni 98, kutengeneza santuri mama, pauni 40, kufyatua nakala 2,500, pauni 369 na ushei, mhuri wa mpira wa kugonga lebo, pauni 8. Wakaweka na anwani za waliofanya kazi hizo. Aliyeinunua dukani alirudi nyumbani na muziki, akarudi pia na mchanganuo wa gharama wa kumwezesha kutoa santuri yake mwenyewe.

Kazi yangu ni usanifu wa machapisho, na vijana ninaowafundisha wakisikia panki (punk, muziki mkali wa roki wa miaka ya 1970) huwa na picha moja tu kichwani: herufi zilizokatwa magazetini, karatasi zilizochanika, rangi ya waridi inayowaka. Wanaichukulia kama mtindo wa kuchagua, kama mtu anavyochagua kitambaa. Nashikilia kwamba mambo yalianzia kwingine. Sura ile ilizaliwa na vifaa vilivyokuwepo na fedha ambazo hazikuwepo, kisha watu wenye jicho zuri wakakataa kuvificha vifaa hivyo. Jalada la panki linakuonyesha lilivyotengenezwa ili na wewe ukatengeneze lako.

Tuanze na vijarida, maana huko ndiko jambo hili linaonekana waziwazi. Julai 1976 karani wa benki aitwaye Mark Perry, kijana wa Deptford, kusini-mashariki mwa London, aliipenda sana bendi ya Ramones ya New York na hakuona gazeti lolote la muziki lililokuwa likiiandika inavyostahili. Akaanzisha kijarida chake, Sniffin' Glue. Makala aliyapiga kwa taipureta ya watoto, vichwa vya habari akaviandika kwa maka peni, na mchumba wake akamtolea kopi ofisini kwake. Neno lililokosewa lilifutwa kwa msururu wa herufi X na sentensi ikaendelea mbele. Toleo la kwanza lilikuwa na nakala 50 hivi. Mwaka uliofuata, kijarida kilipofungwa, kilikuwa kikichapishwa kwa maelfu, na Perry mwenyewe alikuwa amewahimiza wasomaji wasitosheke na chake bali waanzishe vyao. Walianzisha kweli. Kimoja kati ya hivyo, Sideburns, kilichapa michoro mitatu ya mahali pa kuweka vidole kwenye shingo la gitaa, na chini yake agizo fupi kwamba sasa unda bendi. Mchoro ule ni wa mkono, mistari imepinda, na mtu yeyote angeweza kuunakili kwenye daftari. Kuupiga msasa kungeuharibu.

Sasa niseme kuhusu mashine ya fotokopi yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita sura ya panki ni kazi yake. Ndani ya mashine kuna pipa linalotiwa chaji ya umeme gizani. Mwanga unapopiga karatasi yako, sehemu nyeupe huurudisha mwanga huo kwenye pipa na chaji ya hapo inapotea. Penye weusi chaji inabaki, nayo ndiyo inayovuta unga wa wino. Unga unahamia kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto. Katika mpango huu kijivu hakina mahali pazuri pa kukaa: kinasukumwa kuwa cheupe au cheusi. Chukua picha ya mwimbaji kutoka gazetini, itoe kopi, kisha itoe kopi ile kopi. Mashavu yanatoweka, pua inabaki matundu mawili, nywele zinakuwa doa moja, na macho na mdomo vinakukodolea kwa ukali ambao mpigapicha hakuukusudia. Nyuso zile za kutisha za vijarida vya 1977 nyingi zilitoka humo.

Mashine nyingi za zamani zilikuwa na udhaifu mwingine. Zilishika vizuri kingo za kitu cheusi lakini zikashindwa kujaza katikati, hivyo herufi nene iliyokolezwa ilitoka na tumbo jeupe lenye mawimbi. Mtu aliyetoa kopi mara mbili tatu alijifunza upesi: akaanza kuandika vichwa vya habari kwa mistari ya nje tu, au kujaza herufi kwa vistari vya kukatiza. Wala usisahau kingo nyeusi za ukurasa, zinazotokea mfuniko usipofungwa vizuri, na ule uzi mwembamba wa kivuli unaozunguka kila kipande kilichobandikwa. Katika uchapishaji wa kawaida, fundi angeketi na brashi na rangi nyeupe akauziba uzi ule mmoja baada ya mwingine. Wapanki waliuacha. Kwangu huo uzi wa kivuli ndio alama muhimu kuliko zote, maana unakuambia hapa mkasi ulipita, na hapa gundi ilishika.

Herufi za magazetini nazo zina sababu yake. Karatasi za Letraset, zile za kusugua herufi moja moja hadi ishike kwenye karatasi, zilikuwa za bei, na herufi inayotumika sana ilikwisha kabla ya nyingine. (Anayepanga maandishi ya Kiswahili angeishiwa A kabla hajafika nusu ya ukurasa.) Gazeti la jana lilikuwa bure na lina herufi za kila ukubwa. Jamie Reid, aliyekuja kusanifu majalada ya Sex Pistols, alianza kukata herufi namna hiyo huko Croydon, kwenye kijigazeti cha kisiasa cha Suburban Press alichokianzisha na wenzake mwaka 1970. Na kabla Reid hajaingia kazini kwa bendi hiyo, Helen Wellington-Lloyd alikuwa ameshatengeneza vipeperushi vya mwanzo vya Sex Pistols kwa herufi za kukata, zikakaa kama barua ya mteka nyara anayedai pesa. Jina lake hutajwa kwa nadra, na ni haki atajwe.

Reid alijua alichokuwa akifanya. Alisoma chuo cha sanaa Croydon pamoja na Malcolm McLaren, aliyekuja kuwa meneja wa Sex Pistols, na siasa za wanafunzi za 1968 zilikuwa zimemwingia damuni. Mwaka 1977, Uingereza ilipokuwa ikisherehekea miaka 25 ya Malkia Elizabeth II kwenye kiti cha enzi, alichukua picha rasmi ya Malkia kwa ajili ya jalada la wimbo wao God Save the Queen, akaziba macho kwa jina la wimbo na mdomo kwa jina la bendi. Hakuchora hata mstari mmoja wa sura. Alichofanya ni kuiziba sehemu ambazo mtu hutambulika nazo, na nchi nzima ikamtambua bado.

Hapa lazima niwe mkweli kwa msomaji: jalada lile lilitolewa na kampuni ya santuri yenye fedha na mitambo. Kwa hiyo tayari mwaka 1977 sura ya umaskini ilikuwa ikichapwa kwa gharama ya kitajiri. Siilaumu kazi ya Reid, naihesabu kati ya kazi kubwa za usanifu za karne iliyopita. Lakini ukitaka kuona kujitengenezea kwenyewe, nenda Manchester. Huko vijana wa bendi ya Buzzcocks walikopa pauni 500, wakarekodi nyimbo nne mwishoni mwa Desemba 1976, na Januari 1977 wakatoa santuri kwa lebo yao wenyewe, yaani kampuni yao ya kutoa santuri, New Hormones, nakala 1,000 kwa kuanzia. Picha ya jalada ilipigwa na meneja wao Richard Boon kwa kamera ya Polaroid, bendi imesimama chini ya sanamu katikati ya mji. Nyuma ya jalada waliandika kila wimbo ulirekodiwa kwa jaribio la ngapi. Fundi seremala akikuonyesha viungo vya meza kabla hujalipa, unajua hana cha kuficha.

Manchester hiyohiyo ilikuwa na Linder Sterling, mwanafunzi wa usanifu wa grafiki. Alikuwa na marundo mawili ya magazeti: ya wanaume, yenye magari na wanawake uchi, na ya wanawake, yenye mitindo, mapenzi na vyombo vya jikoni. Juu ya kioo, kwa kisu chembamba cha upasuaji, alikata rundo moja na kulibandika kwenye jingine. Kazi yake inayojulikana zaidi, ya jalada la singo (santuri ndogo) ya Buzzcocks ya 1977, ni mwili wa mwanamke aliyewekewa pasi mahali pa kichwa na midomo inayotabasamu juu ya matiti. Malcolm Garrett, waliyekuwa naye chuoni, aliigeuza kolaji ile ya rangi nyingi kuwa wino wa bluu juu ya karatasi ya njano. Kwa uamuzi huo mmoja, vipande vilivyotoka magazeti tofauti vikawa mwili mmoja. Niliifahamu picha hiyo kwa muda mrefu kabla sijaitazama kwa makini pale shingo inapokutana na pasi: ukato ni safi kiasi kwamba unatafuta kosa na hulioni. Anayesema panki ni kazi ya wasiojua kazi aende akaangalie shingo ile.

Na Gee Vaucher je? Alikuwa msanii wa Crass, bendi iliyoishi kwa ujima katika nyumba ya shambani Essex. Picha zake nyingi nyeusi na nyeupe, ambazo watu huapa ni kolaji za magazeti, alizipaka kwa brashi na rangi ya maji nzito. Crass walizichapa kwenye majalada yanayokunjuka kuwa bango la ukutani, na usoni pa jalada wakachapa bei ambayo mnunuzi asikubali kulipa zaidi yake, ili mwenye duka asiweze kuongeza. Ni nadra sana kuona maandishi ya jalada yakifanya kazi ya ulinzi namna hiyo. Maandishi yao mengine yalikuwa ya stensili: kadi iliyotobolewa herufi, kisha rangi ya kopo inapulizwa juu yake. Stensili haikubali O iliyofungwa, kwa sababu kipande cha katikati kingedondoka. Lazima uache vijidaraja. Ndiyo maana maandishi ya Crass yana mikato ile, na ndiyo maana shabiki mwenye kadi na wembe aliweza kuyarudia mgongoni mwa koti lake yakatoka sawa na ya bendi. Crass walikwenda nayo pia kwenye vituo vya reli ya chini ya London, wakapuliza juu ya matangazo ya biashara.

Kwa upande wa Marekani nitataja mambo mawili tu. La kwanza ni nembo ya bendi ya Black Flag ya California, mistari minne myeusi iliyosimama kwa kupishana kama bendera inayopepea, iliyobuniwa na Raymond Pettibon, ndugu wa mpiga gitaa Greg Ginn. Mtoto anaweza kuichora ukutani kwa miburuzo minne ya kopo la rangi, na haitaharibika hata mkono ukitetemeka. Sijaona nembo ya bendi iliyosanifiwa vizuri kuliko hiyo. La pili ni Dischord, lebo ya santuri ya jijini Washington, D.C. Mwaka 1980 Ian MacKaye na Jeff Nelson, vijana wadogo kabisa, walitaka kutoa santuri ya bendi yao iliyokuwa imevunjika, The Teen Idles, kwa dola 600 hivi walizokuwa wameweka akiba kutokana na maonyesho. Bei ya kutengenezewa makasha ilikuwa juu mno. Wakachukua kasha la singo iliyotoka Uingereza, wakabandua gundi taratibu, wakalilaza wazi mezani na kufuatisha umbo lake kwa kalamu. Kisha wakachapisha umbo lile kwenye karatasi, na marafiki wakakaa kukata, kukunja na kugundisha, kasha baada ya kasha, kwa nakala 1,000.

Mwaka 1991 wasichana wapanki wa Olympia, katika jimbo la Washington, na wa jiji la Washington, D.C., waliokuja kuitwa riot grrrl, waliirudia mashine ya fotokopi kwa hoja zao wenyewe, na vijarida vyao leo vimehifadhiwa katika maktaba ya Fales ya Chuo Kikuu cha New York. Kabla yao alikuwepo Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex, binti wa baba Msomali na mama wa asili ya Uskoti na Ayalandi, aliyeisanifia bendi yake michoro ya rangi za plastiki zinazoumiza macho na kuimba juu ya plastiki hiyohiyo. Nawapa nafasi ndogo kuliko wanavyostahili. Kila mmoja anahitaji makala yake.

Sasa vijana wananiletea majalada ya panki yaliyotengenezwa kwenye kompyuta kwa mikwaruzo iliyopakuliwa mtandaoni, na huwa nayatambua upesi. Mikwaruzo imetawanyika sawasawa ukurasa mzima, wakati uchafu wa kweli una chanzo: kioo chenye alama ya kidole, mfuniko ulioachwa wazi upande mmoja, kipande kilichobandikwa kikavimba. Kivuli cha karatasi iliyochanika kinaangukia kulia kwenye neno moja na kushoto kwenye neno la pili. Ninachowaambia ni hiki. Karibu na kila chuo kuna kibanda cha kutoa kopi. Chapisha vipande vyako, kata kwa mkasi, bandika kwenye A3. Kasha la santuri ya inchi 7 lina upana wa sentimita 18 na nusu hivi, kwa hiyo pande zake mbili zinaingia kwenye urefu wa A3 na zinabaki sentimita 5 za kugundishia. Omba mwenye mashine apunguze wino kwanza, kisha aongeze hadi mwisho, uzilaze nakala zote mbili mezani. Maneno yasiyosomeka kwenye nakala hafifu yaandike upya kwa maka peni nene, na picha iliyopotea kwenye nakala nyeusi itafutie nyingine yenye mwanga mkali wa upande mmoja.