Eti ukimuuguza mwenzio uache muziki?

Jamani hii ya kusema mzee anayemuuguza mkewe akishika udi apige muziki au akienda barazani kucheza bao basi hana huruma, si kweli hata kidogo. Kuuguza ni kazi ya usiku na mchana, kumgeuza mtu kitandani, kumlisha uji, kufua mashuka, na asiyepumzika anaishia kuugua yeye, halafu nani atamshika mwenzie? Tena mgonjwa naye anafaidi. Kuna waliopata kiharusi maneno yakagoma kabisa lakini wimbo wanaoujua wanauimba, maana kuimba kunatumia na sehemu nyingine za ubongo. Jirani yangu anapiga fidla chumbani alasiri, bibi haongei, ila kidole kinagonga godoro, na mzee akikosea anakunjiwa uso 😄